Kamera Iliyokubaliwa na Kamati

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kupima maji ya ziwa pale Mwanza, niliosha chupa. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi sanifu wa maabara, shati limepigwa pasi na mama mdogo niliyefikia kwake Mkuyuni, na kichwani nimejiandalia maelezo marefu ya namna ya kupima hewa iliyoyeyuka kwenye maji. Hakuna aliyeniuliza. Mkuu wa Maabara wa wakati ule, mzee mrefu aliyevaa koti jeupe hata akienda benki, alinitazama viatu kwanza, kisha akanionyesha karo.

"Unajua kuosha chupa?"

"Ndiyo, mzee."

"Hujui. Labda utajua Ijumaa."

Alikuwa na haki yake. Chupa ya sampuli huoshwa kwa sabuni, halafu kwa tindikali nyepesi, halafu kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji ili yaache chumvi zake nyuma. Ukizembea hatua moja, chupa inabaki na uchafu wa jana, na wewe utaupima uchafu huo na kuandika kwamba ndilo ziwa. Vijana wengi wanaoniuliza leo kazi yetu ilikuwaje hutegemea niwaeleze mashine. Mimi huanza na karo, nao huangalia saa.

Siku hiyohiyo nilimjua dada Tekla. Alikuwa amenitangulia kazini kwa miaka kadhaa, Mzinza wa upande wa Sengerema, kwao ni karibu na kivuko cha Kamanga. Alikaa mwisho wa korido kwenye chumba cha mapazia meusi, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mwani. Mwani ni vimea vidogo vya majini. Kimoja kimoja huvioni kwa macho, lakini vikizidi ziwa hugeuka kijani na kunuka, na baadhi yake vina sumu. Tekla alichuja maji ya ziwa kwenye karatasi laini, akaiweka chini ya hadubini yenye taa ya zebaki, akaimulika kwa mwanga wa buluu. Mwani ukimulikwa kwa buluu hujibu kwa wekundu, kila mmoja kama kaa dogo la moto gizani. Yeye alihesabu makaa hayo. Hesabu ikipanda alimwarifu Mkuu, Mkuu akawaarifu watu wa afya, nao wakapita vijijini kuwaambia watu wasichote maji ya ufukweni mpaka yasafike. Huko vijijini hakuna aliyemjua Tekla kwa jina, ila matumbo mengi ya watoto yalisalimika kwa sababu yake.

Nilisimama mlangoni nikamwamkia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Funga mlango, mwanga unaniharibia kazi."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza. Nilimwona ni mtu mkali, na kwa kweli alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba akikosea kuna anayekunywa kosa lake.

Baada ya muda nilihamishiwa Musoma, kwenye kituo kidogo chenye boti moja na injini iliyokuwa ikisusa. Mkuu wa Kituo Kidogo alikuwa mtu wa sala na maneno machache, kila injini ilipozima katikati ya maji alivua kofia, akanyamaza, kisha akasema, "Fundi, jaribu tena." Kule nilijifunza kutengeneza vitu bila vipuri. Nilijifunza pia kwamba kifaa hakina habari na cheo cha mtu. Niliporudishwa Mwanza nilikuwa nimeoa, nina mtoto wa kwanza, na watu wameanza kuniita Baba Neema.

Mji niliourudia haukuwa ule niliouacha. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa, ndege za mizigo zikibeba samaki kwenda Ulaya, na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mtu aliyekuwa jana hana viatu leo alikuwa anamiliki gari la barafu. Kwenye maabara mabadiliko yalikuja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni mawakala. Zamani kifaa kilitoka ghala la serikali, nawe ulipokea ulichopewa na kushukuru, hata kama ni mizani isiyo na mawe yake. Sasa alikuja kijana aliyefunga tai, mkononi ana makabrasha ya rangi, akakuuliza unataka kipi. Hatukuwa tumezoea kuulizwa, na wengine tuliona haya kujibu.

Sura ya pili ilikuwa kupunguzwa. Hilo neno lilitembea kwenye korido kabla ya watu wenyewe kuanza kuondoka. Ilisemekana kila nafasi itapimwa, na mtu asiye na kazi inayoonekana ataagwa kwa asante na kitita kidogo. Alianza mtunza bustani, wakafuata madereva wawili. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wa tawi letu, kwa hiyo kila aliyeitwa ofisini nilikaa naye kwenye benchi la nje mpaka aitwe ndani. Ni kazi ambayo sikuipenda hata siku moja.

Wakati huo macho ya Tekla yalikuwa yameanza kuondoka. Taa ya zebaki hutoa pia miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini yenyewe huliona jicho. Hadubini nzuri huwa na kioo cha kinga cha kuizuia. Chetu kilikuwa na ufa tangu enzi za ghala la serikali, na kila mwaka tuliomba kingine. Mwanzoni Tekla alilalamika kwamba machozi yanamtoka. Baadaye nikamwona anainua kikombe cha chai mpaka puani ndipo ajue kama kimejaa. Siku moja mchana, tukila ugali na dagaa nyuma ya stoo, aliniambia bila kunitazama.

"Nimemwona daktari wa macho."

"Kasema nini?"

"Kasema nikiendelea kuchungulia ile taa nitapofuka. Si labda. Nitapofuka."

"Na umemwambia Mkuu?"

"Nimwambie nini, Baba Neema? Kwamba mhesabu mwani haoni mwani? Si ndiyo watanitoa kesho?"

Tekla hakuwa na mume. Alikuwa na wanawe wawili shuleni na mama yake mzee ng'ambo ya kivuko, wote wakila kwa mkono wake. Nilimshawishi tuende pamoja kwa Mkuu wa Kituo, na nashukuru alikubali, maana Mkuu yule alikuwa mtu.

Mkuu wa Kituo alikuwa daktari wa sayansi, mfupi, mchangamfu, mwenye tabia ya kupiga meza kwa kidole kimoja anapofikiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna njia. Wafadhili walikuwa wametuletea hadubini mpya ya mota, pamoja na kompyuta na programu ya kuiendesha. Programu hiyo iliweza yenyewe kufungua na kufunga kifuniko cha mwanga, kubadilisha vioo vya rangi na kusogeza meza ya hadubini kidogo kidogo mpaka karatasi nzima ipitiwe. Kilichokosekana ni jicho, yaani kamera. Na wafadhili walikuwa tayari kununua moja, moja tu, kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa.

"Tukipata kamera," alisema, "wewe Tekla utakaa mbele ya kompyuta na mlango wazi. Mashine itachungulia taa, wewe utahakiki picha. Nafasi yako nitaiandika upya: msimamizi wa mashine. Hakuna wa kukugusa."

Tulipotoka nje Tekla aliniomba nimshike mkono kwenye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza, naye alikuwa anacheka.

Sasa nieleze namna kamera ya aina hiyo inavyochaguliwa, maana hapo ndipo penye habari yote. Mwanga wa mwani ni hafifu sana. Kamera ya kawaida huwezi kuitegemea. Lazima iwe ya kuacha macho wazi kwa muda mrefu ikikusanya mwanga tone kwa tone. Tatizo ni joto. Ndani ya kamera kuna kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga, na kibamba hicho kikipata joto hujitungia nukta za mwanga ambazo hazipo. Kwa Mwanza yetu, mchana, nukta hizo ni nyingi, na programu ikiziona itazihesabu kuwa ni mwani. Ndiyo maana hutakiwa kamera ya kupozwa. Nyuma ya silikoni huwekwa kijibamba kingine cha umeme chenye upande mmoja wa baridi na mwingine wa moto, na feni ya kuufukuza ule moto. Kadiri inavyopoa ndivyo giza linavyokuwa giza kweli.

Lakini kabla ya baridi kuna swali jingine: je, programu inaijua kamera hiyo? Programu ya kuendesha maabara haizungumzi na kila kamera. Kila aina inahitaji faili dogo la kuwa mkalimani kati yao, tulilokuwa tukiliita draiva. Kama draiva haipo, kamera inaweza kuwa malaika wa kamera, programu itasema tu kwamba haioni kitu. Kompyuta inapiga picha au inafungua kifuniko, lakini vyote viwili kwa pamoja, kwa wakati mmoja, haviendi. Na bila kwenda pamoja huna mashine, una vyombo vilivyokaa jirani.

Wakala alituletea aina mbili. Ya kwanza ilipoa kiasi tu, na picha zake zilikuwa na chembechembe, ila programu yetu iliijua tangu kuzaliwa. Ya pili ilikuwa mpya, inapoa mara nyingi zaidi, na bei karibu ileile, lakini programu haikuijua. Wakala aliapa kwamba kiwanda kimeshatengeneza draiva na atatuletea kwenye disketi. Akatuachia kamera hiyo ya pili kwa majaribio. Sitasema uongo, hata mimi niliitamani. Tulipoijaribu peke yake, kwa programu yake ndogo ya kiwandani, giza lake lilikuwa jeusi mpaka unaogopa. Mkuu alikitazama kioo cha kompyuta akapiga meza kwa kidole.

"Hii ndiyo," alisema. "Lakini sikilizeni. Disketi ije, ijaribiwe. Ikikubali, tunanunua hii. Isipokubali, tunachukua ile ya kwanza na chembechembe zake. Sitaki maneno mengine."

Mtaona kwamba hakuna mtu aliyefanya upumbavu. Sharti lilikuwa zuri, tena lake mwenyewe.

Mkuu akasafiri kwenda Dar es Salaam kukutana na wafadhili. Nyuma alimwachia ofisi Mkuu Msaidizi, Msukuma mnene mpole aliyekuwa mtu wa utawala, si wa maabara. Kamera aliiita "kamela", na kila kitu alikijua kwa upande wa taratibu. Na kwa taratibu kulikuwa na jambo moja lililobaki: kamati ya ununuzi ya kituo ilipaswa kuiridhia kamera ya pili, kwa sharti la majaribio, ili Mkuu akipata jibu letu aweze kusaini hukohuko. Kamati ilikaa asubuhi. Haikuchukua muda, wajumbe walikuwa na njaa.

Nilikuwa ofisini kwa Mkuu Msaidizi, nimekwenda kumwambia kwamba disketi imefika na basi na tunaanza kuijaribu, simu ilipolia. Laini ya Dar ilikuwa mbaya kama kawaida yake, lazima upige kelele, na sauti ya Mkuu ilitoka kwenye mkono wa simu mpaka mimi nikaisikia.

"Imekubali?"

"Shikamoo, Mkuu. Imekubali. Asubuhi hii hii."

"Bila matatizo?"

"Bila matatizo yoyote. Hata mabishano hayakuwepo."

"Safi sana. Basi..." na laini ikakatika.

Mkuu Msaidizi aliweka simu chini, akatabasamu, akaniambia, "Amefurahi kusikia habari ya kamati. Haya, kajaribuni kamela yenu."

Wenye lugha hii mmeshaelewa. Kwetu chombo kikifanya kazi tunasema kimekubali. Gari linakubali kuwaka, redio inakubali kushika stesheni, kufuli inakubali ufunguo. Na kamati nayo, ikiridhia jambo, imekubali. Kamera imekubali, programu imekubali, kamati imekubali, yote yanatamkwa sawasawa, na kwenye simu mbovu mtu hapotezi pumzi kutaja kitu ambacho mwenzake anakijua. Mkuu aliuliza habari ya disketi. Mkuu Msaidizi akajibu habari ya kikao. Kila mmoja alisema kweli tupu, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nilisikia jibu la kweli kwa sababu na mimi nilijua kamati imekaa.

Alasiri ile tulijaribu disketi. Programu ilikataa. Draiva ilikuwa imeandikwa kwa toleo jipya la programu, na toleo jipya lilidai kompyuta yenye nguvu kuliko yetu. Tena, kana kwamba hilo halitoshi, toleo jipya halikulijua kabisa sanduku la mota la hadubini yetu. Tekla alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango akisubiri. Nilimwambia imekataa. Alishusha pumzi akasema si kitu, tutachukua ile ya kwanza, chembechembe yeye anazijua kuzitenganisha na mwani. Nilikwenda kumwarifu Mkuu Msaidizi. Simu haikuwa imerudi. Aliniambia nisiwe na wasiwasi.

"Mkuu hawezi kusaini bila jibu la majaribio," alisema. "Akitaka jibu atauliza."

Mkuu alirudi Mwanza amebeba biskuti za watoto wa wafanyakazi. Alituita mimi na Tekla ofisini kwake, akatupa mkono wote wawili.

"Hongereni. Nimesaini. Inakuja."

"Ipi, Mkuu?" niliuliza.

"Kwani ipi? Ile ya baridi kali. Si mlisema imekubali?"

Tulitazamana. Mkuu Msaidizi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango na faili zake, alisema polepole, "Mkuu, iliyokubali ni kamati."

Nimeona watu wakipokea habari za msiba. Mkuu alikaa chini namna ileile, akishika kwanza kiti kwa mkono kama mtu asiye na hakika kwamba kiti kipo. Hakumfokea mtu. Alitaka kupiga simu Dar, akapiga, siku hiyo na iliyofuata. Wafadhili walisema mwaka wao umefungwa. Wakala alisema, kwa heshima zote, kwamba bidhaa ikishaagizwa kiwandani hairudi, na kwamba draiva ya toleo letu huenda ikatengenezwa baadaye. Hilo baadaye mpaka leo halijafika.

Kamera ikaja. Ilikuwa nzuri. Ilipiga picha peke yake kwa programu yake, lakini kifuniko kilibidi kifunguliwe kwa mkono, vioo vya rangi vibadilishwe kwa mkono, na meza isogezwe na mtu anayechungulia kwenye hadubini ili ajue amefika wapi. Yaani mtu achungulie ileile taa. Nilijaribu kila nilichojua. Niliandika programu ndogo ya kuziunganisha, ikafungua kifuniko kabla kamera haijawa tayari, au baada, kamwe si pamoja. Umeme wa mgao ulikuwa ukikatika katikati ya jaribio, baridi ikatoweka, na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Tekla aliomba aachiwe achungulie hivyohivyo. Mkuu alikataa, na katika hilo alikuwa sahihi, ingawa usahihi wake haukumsaidia mtu.

Watu wa kupima nafasi walipofika, nafasi ya msimamizi wa mashine ilikuwa kwenye karatasi, lakini mashine ya kusimamia haikuwepo. Waliuliza mama huyu anafanya nini sasa. Mkuu alieleza kwa kirefu, akapiga meza, akaomba mwaka mmoja. Walimsikiliza vizuri, wakaandika. Siku Tekla alipoitwa, nilikaa naye kwenye benchi la nje kama kawaida, kisha nikaingia naye.

Mkuu hakuweza kumwambia moja kwa moja. Alianza kueleza habari ya simu, ile laini mbaya, ambavyo yeye alikusudia hivi na mwenzake akaelewa vile. Tekla alimwachia aseme mpaka akaishiwa.

"Nimeelewa, Mkuu," alisema. "Kamati ilikubali. Programu ilikataa. Mimi hakuna aliyenipigia simu."

Hakusema kwa hasira. Mkuu alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilitazama dirishani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Kabla ya kuondoka aliomba aione picha moja ya ile kamera. Nilimwekea kwenye kioo sampuli ya maji ya ghuba, picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniomba nimweleze kilichomo. Nikamweleza: hapa kuna mnyororo uliojikunja, pale kuna vifurushi vya duara, huku chini kuna vijiti. Kila nilichotaja alikitaja jina lake, na chenye sumu alisema ni chenye sumu. Nilimsindikiza mpaka kivukoni na sanduku lake la bati. Nikamwambia asalimie mama.

Mkuu alihamia chuo kimoja cha mbali, na nilisikia kwamba hapendi kuzungumzia miaka yake ya Mwanza. Mkuu Msaidizi alistaafu kwa amani, ingawa kila aliponiona alianza kueleza upya habari ya simu kana kwamba mimi ndiye jaji. Mimi nilibaki kituoni, nikahesabu mwani kadiri nilivyoweza kwenye hadubini ya kawaida bila taa ile, hesabu ya kubabaisha, mpaka nikapewa majukumu ya vifaa na kuhesabu kukaachwa. Kamera ilifunikwa kwa kitambaa. Walipokuja wageni, ilifunuliwa.

Sasa nimestaafu, na mtu akinitaka ushauri wa kununua kifaa cha maabara humwambia yaleyale: anza na programu uliyonayo, uliza inakijua kifaa gani, lijaribu toleo ulilonalo na si lile unaloahidiwa, ndipo uje kwenye ubora. Akisema "imekubali", namuuliza nini kimekubali. Huniona mzee mgumu. Nimeishi na uchungu wa jambo hili muda mrefu, na nimekwisha kuelewa kwamba sitampata wa kumlaumu. Ningempata ningepumzika.

Juzi nilivuka kwenda Kamanga kumwona dada Tekla. Anakaa kwa mwanawe, nyumba inayotazama maji. Macho yake sasa hutofautisha mchana na usiku tu. Alinijua kwa sauti, akaniwekea kiti mwenyewe kwa kupapasa, tukala viazi, tukaongea habari za watoto. Kisha akageuzia uso upande wa ziwa.

"Baba Neema, maji leo yana rangi gani?"

Nikatazama. "Kijani."

"Kijani cha kwenye mawe tu au mpaka ndani?"

"Mpaka ndani, dada. Ni kizito."

"Harufu naisikia tangu juzi. Pale kituoni nani anahesabu siku hizi?"

Ningeweza kumdanganya, na kwa mtu mwingine ningedanganya. "Hakuna mtu," nikasema. "Chumba chako wamekifanya stoo."

Alitega sikio upande wa maji. Baadaye akauliza kama kuna watu wanaochota. Walikuwepo, wanawake na wasichana na ndoo zao, wakiusukuma uchafu wa kijani pembeni kwa kata ili wapate maji ya chini yake. Nikamwambia wapo.

"Waite," alisema. "Waambie wasichote."

Nilisimama nikaita kwa nguvu zote za mzee. Waligeuka, wakadhani nawasalimu, wakanipungia mkono, wakaendelea kuchota.